Shangazi Anatuachia Kituo Kitupu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Afisa Mipango wa Usafiri wa bonde letu atafunga mlango wa chumba chake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia ofisi hii miaka thelathini na mmoja. Wengi wetu hata hicho cheo hatukikumbuki. Tunamwita Shangazi, wakiwemo wanaomzidi umri, na mkurugenzi pia anapojisahau kikaoni. Si shangazi wa mtu yeyote hapa kazini. Jina lilianzia kwa madereva, waliosema kwamba mwanamke anayekugombeza asubuhi mpaka unatamani kuacha kazi, kisha saa nne anakumiminia chai kana kwamba hakuna kilichotokea, huyo si bosi. Huyo ni dada ya baba yako.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu mimi, karani wa ratiba, kwa kuwa nakaa naye chumba kimoja. Nimeambiwa uwe wa furaha, nami nitajitahidi. Msomaji akiona nimesita mahali, anivumilie. Yapo mambo ya ofisi yetu ambayo mtu huyaandika huku jicho moja likiwa dirishani.

Chumba chenyewe ni kidogo: meza mbili, kabati la chuma lisilofunga vizuri, na ramani ya bonde iliyokaa ukutani mpaka kona zake zimegeuka rangi ya chai. Mezani kwake kuna chupa ya chai, rula ndefu ya mbao na bakuli la bati lenye mchanga laini. Wageni hudhani bakuli ni la majivu ya sigara. Fundi mmoja wa rangi aliwahi kuzimia sigara yake humo, na Shangazi akamtuma mtoni kuleta mchanga mwingine, kwa miguu, auchekeche mwenyewe. Tangu siku ile fundi huyo havuti tena, na mkewe huleta salamu.

Walioajiriwa juzi hawajui bonde hili lilivyokuwa kabla yake. Barabara moja tu ilipanda kutoka mdomo wa bonde hadi mtaa wa juu, na kila chenye magurudumu kilipita humo: malori ya mawe, magari ya wageni, mabasi yaliyotoa moshi mweusi kama jiko la mkaa mbichi. Mto ulikuwa na ngozi ya mafuta. Asubuhi watoto wa shule walihesabu wanyama waliogongwa usiku kama wanavyohesabu maembe yaliyoanguka. Shangazi alipokuja na mpango wake, magari binafsi yaishie getini, watu wapande mabasi ya pamoja, mizigo iingie kwa saa zake, na kipande cha msituni kisiwe na taa wala honi, watu walicheka kwanza, kisha wakakasirika.

Katika mkutano wa hadhara, mwenye malori mmoja, mtu mzito wa mwili na wa neno, alisimama akauliza, "Sasa Shangazi, unataka turudi kupanda punda?"

Shangazi akamjibu bila kuinua sauti, "Punda hajawahi kumkanyaga mtoto wa mtu, wala hajamwaga oili mtoni. Ila ukimpata wa kukubeba wewe, umwombe radhi kwanza."

Ukumbi mzima ulicheka, na mwenye malori naye akacheka, na wanaoujua mkutano ule wanasema geti lilijengwa siku hiyo. Saruji ilifuata baadaye. Leo mto unaonekana kokoto zake. Watoto wanakwenda shule kwa njia ya miguu aliyoipitisha nyuma ya mashamba. Gari la wagonjwa lina njia yake, ambako hata mkurugenzi hathubutu kuegesha gari. Kiongozi mmoja mgeni aliwahi kufika getini na msafara wa magari, akataka apitishwe. Shangazi alimkaribisha kwenye basi. "Mheshimiwa," alimwambia, "msitu hausomi namba za gari." Mheshimiwa akapanda, akaketi kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Walinzi wake wanasimulia kwamba wakati wa kushuka, kwenye kiti kilekile, mahali fulani, alijisogeza akaachia nafasi pembeni yake, kisha akatazama ile nafasi kwa mshangao, kama mtu aliyejikuta amemjibu asiyemsalimu.

Hapo mahali fulani ndipo ninapotakiwa kufika.

Kabla ya kuchora mstari wowote kwenye ramani, Shangazi alitaka kujua wanyama wanavukia wapi. Kamera hazikuwepo. Jioni alitandaza mchanga laini kwa mikanda myembamba, kutoka ukingo hadi ukingo wa barabara, na asubuhi akarudi kuusoma. Swala walivukia kwenye mianzi. Nungunungu walipenda karibu na daraja, wakiburuta miiba na kuacha mistari kama ya ufagio. Kima hawakupenda kukanyaga chini kabisa, ndiyo maana leo kuna kamba nene kutoka mti hadi mti juu ya lami, ambazo watoto wanaziita barabara ya ghorofani. Kila palipokuwa na nyayo, aliweka njia: kalavati pana chini ya barabara, au kipande ambacho basi hutembea mwendo wa mtu anayetafuta sindano.

Lakini pale barabara inapokata bega la mlima, chini ya kovu la maporomoko ya zamani, mchanga ulimwonyesha kitu kingine. Zilikuwa nyayo za watu, za miguu mitupu, kubwa na ndogo, zimepangana ukingoni, vidole vikielekea lami. Hazikuvuka. Hapakuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka. Alisawazisha mchanga, akatandaza upya, na kesho yake akazikuta zimesimama vilevile. Ripoti yake ya mwanzo ipo kabatini na kila karani mpya huonyeshwa. Chini ya swala, nungunungu na fungo, ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: "Watu. Hawavuki. Wanasubiri." Mkurugenzi wa wakati ule alidhani ni wakata kuni.

Hapo pasipo na nyumba wala njia ya miguu, Shangazi akaweka kituo cha basi. Hakuweka benchi wala paa, bali nguzo moja tu. Ratibani kina namba kama vituo vingine, lakini sote tunakiita Kituo Kitupu. Kila basi linaloshuka sokoni husimama pale, hufungua mlango, husubiri, hufunga, huondoka. Kiti kirefu cha nyuma huachwa wazi mpaka darajani. Abiria wa kila siku wamezoea na huinamia simu zao. Wageni ndio wanaouliza, na dereva wetu mwandamizi, tunayemwita Kobe kwa mwendo wake, ana jibu lake moja.

"Tunawapisha swala."

"Swala wanapanda basi?"

"Hawa wa kwetu wamestaarabika."

Mabasi ya dizeli yalipoondolewa na ya umeme yakaingia, bonde lilipata kitu ambacho kizazi kizima hakikuwa nacho: ukimya. Tulifanya sherehe. Mama mmoja muuza mboga alisema ameusikia mto akiwa sokoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Lakini ukimya hauna ubaguzi. Ukishaufungulia sikio, kila kitu kinaingia. Zamani injini ilinguruma na chuma kililia, nani angesikia jambo? Sasa, basi linaposimama Kituo Kitupu na mlango kufunguka, hakuna sauti yoyote ya kujifichia. Unasikia majani yakidondosha maji. Kisha basi linashuka kidogo, upande wa mlango kwanza, halafu nyuma, taratibu, jinsi linavyoshuka watu wanapopanda. Fundi wetu wa betri, mtu asiyeamini hata dawa ya kikohozi, alipima mara nyingi. Toka pale hadi darajani basi tupu hula umeme kama lililojaa. Darajani mlango hufunguliwa tena, na basi huinuka. Aliandika "hitilafu ya kipimo" na akaomba kuhamishiwa mabasi ya njia ya chini.

Shangazi alipanda basi la kwanza kila asubuhi, kiti cha pili kutoka nyuma. Tulidhani anakagua madereva, na kunong'ona kwake pale begani tukadhani ni dua.

Sababu yenyewe alinieleza mara moja, siku ya mvua, tukiwa tunachekecha mchanga. Zamani kulikuwa na kijiji kidogo pale begani. Yeye alikuwa mwanafunzi wa chuo, amemaliza likizo na anarudi masomoni, na asubuhi hiyo alisimama kituoni pamoja na majirani na mdogo wake wa kike, aliyekuwa bado anasoma shule ya msingi na alikuwa akienda sokoni kununuliwa viatu. Basi lilikuja limejaa. Kondakta akasema nafasi ni ya mmoja. Shangazi ndiye aliyekuwa na mtihani, akapanda, akasukumwa mpaka nyuma. Waliobaki wakawa wanapiga ubavu wa basi kwa viganja, paa, paa, paa, kama wafanyavyo watu wanaoachwa, na mdogo wake alikimbia kidogo kando ya dirisha huku naye akipiga kwa kiganja chake. Kondakta akatoa kichwa nje akawaambia neno ambalo makondakta wote wanalijua: "Lingine linakuja nyuma."

Lingine halikuwepo. Mwaka ule barabara ilikuwa imepanuliwa ili malori mawili yapishane. Mguu wa mlima ulichimbwa, na miti iliyoushikilia ilikatwa. Basi lilikuwa halijafika darajani mlima uliposhuka. Kijiji kilikwenda, na waliokuwa wakisubiri wakaenda nacho. Baadhi walipatikana. Mdogo wake hakupatikana.

Hakulia aliponisimulia. Alinipa chekecheo nishike, akaenda kujimiminia chai. Lakini tangu siku ile nikiitazama ramani ukutani naona jambo moja tu. Miti yote aliyoirudisha begani, malori aliyoyazuia, geti, mabasi, saa za mizigo, yote ni lile basi la nyuma. Kondakta alisema linakuja, na yeye ametumia miaka yote ya kazi kulileta.

Msimu wa mvua uliopita Shangazi alifanyiwa upasuaji wa goti na kupewa likizo ndefu. Nafasi yake ilishikwa na kaimu, kijana mchapakazi ambaye sasa yuko idara ya maji na tunamtakia mema huko. Aliikagua ratiba, akafika Kituo Kitupu, akashika kalamu. "Kituo kisicho na abiria ni kama ngazi isiyo na nyumba," alisema kikaoni, na wengi wakaona amesema vizuri. Kituo kikaondolewa kwa majaribio.

Siku za mwanzo hapakuwa na jambo. Kisha ukungu ukashuka. Asubuhi ya kwanza ya ukungu Kobe alipita pale bila kusimama, na abiria wote wakasikia kiganja kikipiga ubavu wa basi. Paa. Paa, paa. Mama muuza mboga akasema, "We dereva, kuna watu." Kobe akatazama kioo cha pembeni. Nguzo ilikuwepo, ukungu ulikuwepo. Mtu hakuwepo.

Ikawa hivyo kila siku. Muosha magari wa yadi akaanza kukuta alama za viganja vya udongo mwekundu upande wa mlango, kwenye kimo kile ambacho mtu aliyeachwa hupiga. Vingine vilikuwa vidogo, chini zaidi. Alivisugua, kesho yake vikarudi. Yeye hakuogopa, alilalamikia sabuni. Ila mimi niliviona, na niliona pia kwamba vile vidogo havikutulia mahali pamoja. Vilianzia mlangoni vikafuatana hadi dirisha la nyuma.

Wanyama nao walibadilika. Mchanga wetu ulibaki laini kama ulivyotandazwa. Swala hawakuvuka kwenye mianzi, na kamba za kima zilining'inia bila mpandaji. Msitu mzima ulikuwa kama nyumba ambayo watu wamegombana, na kila aliyemo anakaa chumbani kwake akisikiliza.

Madereva wakaanza kuumwa. Mmoja mgongo, mwingine macho, wa tatu akafiwa na bibi ambaye tulikuwa tumeshamzika naye miaka ya nyuma. Mabasi yakapungua, foleni zikarefuka, na wenye malori hawakulala: waliomba rasmi kwamba kama ofisi haiwezi kusafirisha watu, basi geti lifunguliwe na magari yapite msituni kama zamani. Mkurugenzi alipewa mpaka mwisho wa wiki kujibu. Kila kitu alichokijenga Shangazi kilikuwa kinaning'inia kwenye hiyo wiki, naye yuko kitandani na goti lililofungwa.

Mkurugenzi ni msomi na mtu wa vipimo. Alisema atapanda basi mwenyewe amalize porojo. Aliketi kiti kirefu cha nyuma, katikati, akafungua gazeti. Mimi nilikaa mbele yake kwa amri. Kobe aliendesha. Tulipokaribia begani ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nguzo ilitokea kama imesogea yenyewe barabarani. Tukaipita.

Paa.

Mkurugenzi akageuza ukurasa.

Paa, paa. Sauti ilikuwa inakuja nyuma kando yetu, ikikimbia. Nilisikia pumzi nikajiambia ni yangu. Kisha kiganja kikapiga kioo palepale alipokuwa ameegemeza kichwa, polepole, si kwa hasira, kama mtoto anayegonga mlango wa kwao. Gazeti likashuka.

"Kobe," alisema kwa sauti ya chini sana. "Simama. Umeacha watu."

"Ratiba hairuhusu, mkuu."

"Baba, simama."

Kobe akasimama. Mkurugenzi akainuka akaenda kusimama mbele karibu na usukani, na huko ndiko alikobaki mpaka sokoni, ingawa viti vilikuwepo.

Kituo kilirudishwa siku hiyohiyo, na wenye malori wakajibiwa hapana. Tulidhani yamekwisha. Lakini asubuhi iliyofuata mlango ulifunguliwa, tukasubiri, na basi halikushuka. Hakuna aliyepanda. Mlango ulipofungwa, viganja vikaanza tena, paa, paa. Hivyo hivyo siku ya pili. Mkurugenzi akampigia simu Shangazi, na sote tulisimama kuzunguka simu ile kama watu wanaosubiri matokeo.

"Aliyedanganywa na mlango mmoja," Shangazi alisema, "haingii mwingine kwa sababu tu uko wazi. Lazima aambiwe. Mimi huwaambia kila siku. Mlidhani nafuata nini kwenye basi la alfajiri, upepo?"

Alikuja na fimbo, kabla daktari hajamruhusu, mwanawe mkubwa akimfuata nyuma akilalamika. Alipanda basi la kwanza, akaketi mahali pake. Mlango ulipofunguliwa aliinama kidogo kuelekea nje akasema, kwa sauti ileile anayotumia kwa majirani, "Nafasi zipo. Ingieni taratibu, msisukumane." Basi likashuka, mlangoni kwanza, kisha nyuma. Vioo vya nyuma vikashika mvuke. Darajani akasema, "Shukeni salama, tutaonana kesho," na basi likainuka. Wiki haikuisha, mchanga kwenye mianzi ukawa umejaa alama za kwato.

Ndiyo maana habari ya kustaafu kwake ilipotangazwa hatukupiga makofi mara moja. Mkurugenzi aliitisha kikao chenye ajenda moja: nani atapanda basi la kwanza? Maana mlango bila sauti hautoshi, na bila hiyo sauti madereva hawatakaa, na madereva wasipokaa geti halitakaa. Mhasibu akakumbuka naye ana goti. Mpima ardhi akasema yeye akiamka mapema huwa mkali na anaweza kuwakosea heshima. Kobe akasema: "Mimi siwezi. Kondakta ndiye aliyesema, lakini dereva ndiye aliyeondoa basi. Sauti ya dereva hawaihitaji." Halafu macho yakaanza kugeuka, moja moja, kuja kwa karani wa ratiba, ambaye kosa lake ni kupanga chumba karibu na kituo cha juu kabisa.

Nilisema nitafikiria. Shangazi akasema, "Fikiria ukiwa umekaa. Kesho panda nami."

Nilipanda. Tulikaa pamoja, yeye upande wa ndani, mimi dirishani. Ukungu ulikuwa umekaa begani. Kobe alisimamisha basi, mlango ukafunguka, na ubaridi ukaingia pamoja na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Shangazi aliniachia zamu. Alinitazama. Nilifungua mdomo na sauti haikuja. Nimesoma, nimefaulu mitihani, ninaweza kukuandikia barua ya kurasa kumi bila kosa. Maneno mawili yalinishinda. Tukasubiri. Kisha chini ya dirisha langu kiganja kikapiga mara moja, kidogo, kwa adabu.

"Hawakuulizi cheti," Shangazi alininong'oneza. "Wanataka kujua kama kuna nafasi."

Nikawaambia. Sikumbuki nilisemaje, ila Kobe anasema sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi mwenye mafua, na kwamba ilitosha. Basi likashuka. Sikugeuka nyuma na sitasema kwamba niligeuka. Nilichokiona ni Shangazi. Alisogea kuniegemea, akapakata mkoba wake, akaacha nafasi pembeni yake upande wa njia ya katikati, nafasi nyembamba, ya mtu mdogo. Akakaa hivyo mpaka darajani, ameinamisha kichwa kidogo upande ule, jinsi mtu anavyosikiliza hadithi ndefu ya shule. Basi lilipoinuka, kiti kile kilibaki na unyevu. Aliufuta kwa kitambaa chake bila haraka, kama anayefuta baada ya mtoto.

"Haya," akasema. "Sasa goti langu linaweza kustaafu."

Nimepanda kila asubuhi tangu siku hiyo, yeye akiwa pembeni yangu. Siwezi kusema woga umekwisha. Mikono yangu hutetemeka kuanzia mtaa wa juu, na Kobe ameanza kuniita Kinubi, kwa jinsi nyuzi za kinubi zisivyotulia. Lakini sauti inatoka. Ratiba mpya itakayoanza kutumika tarehe mosi imeshabandikwa vituoni, na Kituo Kitupu kimo mahali pake.

Wafanyakazi wenzake wamemnunulia Shangazi kiti cha kupumzikia. Amekishukuru, akaomba kiwekwe kwenye baraza ya nyuma, kielekee bustani. Barabara ameitazama vya kutosha. Wajukuu wamepanga foleni. Ameahidi kuja sokoni siku moja moja, kwa basi, kama abiria, na kutulalamikia kama abiria. Bakuli la mchanga limehamia meza yangu. Yeyote atakayezimia sigara humo anajua njia ya mtoni.

Ahsante, Shangazi, kwa mto, kwa njia za watoto, kwa kamba za kima, kwa chai ya saa nne na kwa ukimya, hata kwa yale tunayoyasikia ndani yake. Ofisi nzima, yadi nzima, na wote wanaopanda na kushuka katika bonde hili tunakuombea maisha marefu na mepesi, yenye usingizi wa asubuhi ambao hujawahi kuuonja. Usiwe na haraka ya kwenda popote. Na siku utakayokuwa ukisubiri pale begani pamoja na wako, basi halitakupita. Litasimama, mlango utafunguka, na atakayekuwa amekaa kiti cha pili kutoka nyuma atainama akuambie, hata kama anatetemeka, kwamba nafasi zipo.